Mnong'ono Ufike Mpaka Ziwani

Mlioko Musoma mjini, kuanzia Mwigobero mpaka Makoko, mlioko Bunda, mlioko Butiama na vijiji vyake, nanyi ambao redio zenu ziko ndani ya mitumbwi saa hizi, sogeeni tuzungumze.

Leo nataka tuzungumze kuhusu kompresa. Nikilitaja neno hilo najua wengi wenu mnaiona ile mashine ya gereji, ile inayonguruma karibu na stendi ya Bweri fundi akijaza upepo kwenye tairi la basi. Ile inabana hewa. Yangu ya leo inabana sauti. Ni kisanduku chembamba cha chuma kinachokaa studio, kanisani au kwenye ukumbi wa harusi, jirani na miksa, chenye taa ndogo ndogo na vitufe vitano sita vya kuzungusha. Siku hizi imo pia ndani ya kompyuta kama programu, na vitufe ni vile vile, vimechorwa tu kwenye kioo. Mafundi vijana wengi wananiambia wanayo, wameiunganisha, taa zinawaka, lakini hawajui wanachokifanya wakizungusha. Wengine wanavipeleka vyote mwisho wa kulia wakiamini ndiyo kuongeza nguvu.

Basi tutavipitia kimoja kimoja. Na kabla sijaaga nitawawekea sauti ya bibi mmoja wa Butiama, msikie kwa masikio yenu ninachokisema. Kaeni nami.

Kwanza tuulizane. Sauti ina kosa gani hata ibanwe?

Tumchukue mvuvi wa dagaa. Ni usiku, yuko ziwani, taa zinaelea juu ya maji, mashine ya mtumbwi inanguruma nyuma yake. Ana redio ndogo ya betri, na kwenye redio mzee anasimulia habari za zamani. Mzee anaanza chini chini, karibu ananong'ona. Kisha anafika mahali pa uchungu, anapaza. Mvuvi afanye nini? Akiongeza redio ausikie mnong'ono, mzee akipaza spika inakwaruza. Akiipunguza, mnong'ono unamezwa na mashine. Atakaa mkono mmoja kwenye redio na mwingine kwenye kamba ya wavu? Hawezi, ndugu zangu.

Sasa fikirini chumba. Sakafu ya chumba hicho ni kelele ya pale ulipo: mashine ya mtumbwi, feni, mvua juu ya bati. Dari ni mwisho wa uwezo wa chombo chako. Ukivuka hapo sauti inapasuka. Sauti ya mtu inatakiwa ikae katikati ya sakafu na dari. Kwa mvuvi wetu sakafu imepanda juu sana na nafasi imekuwa finyu. Kazi ya kompresa ni kuiinamisha sauti kubwa isigonge dari, ili sauti yote iweze kunyanyuliwa, na ile ndogo itoke sakafuni. Narudia, maana hili ndilo tutakalolishika jioni yote: tunaibana sauti kubwa kwa faida ya sauti ndogo. Mnong'ono ufike mpaka ziwani.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa mkono. Fundi wa redio anakaa, vidole viko juu ya kitufe, macho yako kwenye sindano. Msomaji akipaza, fundi anashusha. Akiteremka, fundi anapandisha. Ni kazi ya heshima, ila mkono wa binadamu unachelewa. Unashuka wakati sauti kubwa imeshapita. Wahandisi wakatafuta mashine ya kuwahi, na mwaka 1937 kampuni ya Western Electric ya Marekani ikatoa kifaa cha kulinda mitambo ya kurushia matangazo dhidi ya sauti zinazoruka ghafla. Miaka ya 1950 mhandisi mzaliwa wa Estonia aitwaye Rein Narma akabuni mashine ya Fairchild 670, ya valvu 20, yenye uzito wa karibu kilo 30. Hiyo ni zaidi ya debe la mahindi! Leo kazi kama hiyo imo ndani ya simu mnayoishika mkononi, na hilo nitalirudia.

Haya, tuingie kwenye vitufe.

Kitufe cha kwanza mafundi wanakiita threshodi. Mimi nakiita kizingiti, na sijapata jina linalokifaa kuliko hilo. Fikiria kizingiti cha juu cha mlango wa nyumba ya zamani. Mtu mfupi anapita amesimama wima, haguswi. Mrefu anainama. Kompresa inafanya hivyo hivyo: sauti iliyo chini ya kizingiti inapita kama ilivyo, iliyo juu yake inashikwa. Ukikishusha kizingiti, wanaoinama wanaongezeka. Ukikishusha mno, hata mtoto wa miaka mitatu anaingia kwa kutambaa, na hapo hujui tena nani mrefu nani mfupi.

Vijana, hapa pana mtego. Kwenye kompresa nyingi ukizungusha kitufe hiki kulia, kizingiti kinapanda, na sauti inabanwa kidogo. Ukizungusha kushoto, kinashuka, na sauti inabanwa sana. Ni kinyume cha mazoea ya mkono. Kwa hiyo usitazame mkono, tazama ule mstari wa taa unaoonyesha sauti imepunguzwa kwa kiasi gani. Taa zisipowaka kabisa, kompresa haifanyi kitu, hata ukiwa umevizungusha vitufe vingine siku nzima. Zikiwaka muda wote bila kuzimika, umekishusha kizingiti mno.

Kitufe cha pili ni resho, yaani uwiano. Kizingiti kimeshaamua nani ainame, resho inaamua ainame kiasi gani. Imeandikwa 2 kwa 1, 4 kwa 1, 10 kwa 1. Sauti tunaipima kwa desibeli. Tuseme mtu amevuka kizingiti kwa desibeli 8. Ukiwa kwenye 4 kwa 1, atatoka amevuka kwa desibeli 2 tu, sita zimeondolewa. Ukiwa kwenye 2 kwa 1, atatoka amevuka kwa desibeli 4. Ukifika 10 kwa 1 na kuendelea, umejenga ukuta, na mafundi wanaiita limita. Limita ina mahali pake, na mahali pake hasa ni mwisho kabisa, mbele ya mtambo wa kurushia. Kituo cha FM kina mpaka wa kiufundi wa kilohezi 75 kila upande wa masafa yake, na ukiuvuka unawasumbua majirani zako hewani. Pale ukuta unahitajika. Kwenye maiki ya mzee anayesimulia, ukuta ni wa nini?

Kwa maongezi mimi naanza na 3 kwa 1. Kwaya naiwekea 2, maana waimbaji wazuri wanajua wenyewe wapi pa kushuka na wapi pa kupanda, na mwalimu wao amekaa wiki nzima akiwafundisha hilo. Si haki fundi mitambo alifute kwa kidole kimoja. Mshereheshaji wa harusi naweza kumpa 4 au 5. Hizi ni namba za kuanzia, sikio ndilo linalomaliza kazi.

Kuna kompresa zenye kitufe kingine kidogo cha goti. Goti gumu maana yake sauti ikigusa kizingiti inabanwa papo hapo. Goti laini maana yake inaanza kuinama taratibu kabla haijafika. Kwa sauti ya mtu chagua laini, tuendelee.

Sasa tumefika kwenye vitufe viwili ambavyo wengi wanaviogopa, na mimi ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote, kwa kuwa ndivyo vinavyogusa uhai wa sauti. Ni ataki na rilisi. Ataki ni muda ambao kompresa inatumia kushika. Rilisi ni muda ambao inatumia kuachia.

Tuanze na ataki, na tuiendee kwa litungu.

Mnalijua litungu la Wakurya. Zito, nyuzi nane, mlio wake unavuma ndani ya kifua kabla haujaingia masikioni. Siku moja nilikuwa namrekodi mpigaji, nimeweka maiki karibu na ngozi. Kwenye mlio mmoja wa litungu kuna vitu viwili. Cha kwanza ni kidole kikiachia uzi: *tk*. Kifupi, kikavu. Cha pili ni mvumo wenyewe, unaokuja nyuma ya hiyo *tk* na kukaa. Niliweka ataki ya haraka sana, milisekunde 1, nikidhani nafanya kazi safi. Nikasikiliza. Mvumo upo, lakini kidole hakipo. Litungu lilisikika kama linapigwa nyuma ya blanketi. Kompresa ilikuwa inawahi, inakikamata kidole mlangoni, inauachia mvumo peke yake upite. Nikasogeza ataki mpaka milisekunde 25. Kidole kikarudi. Mpigaji mwenyewe, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, akanyanyua kichwa akasema, "Hapo sasa ni mimi."

Hapo sasa ni mimi. Neno hilo sijalisahau.

Na msidhani ni la litungu peke yake. Lugha yetu ina p, t, k, imejaa herufi za kupasuka: pata, kata, taka, tupa. Hizo ndizo *tk* za maneno. Ataki ikiwa ya haraka mno, msomaji wa habari anakuwa kama mwenye mafua. Ikiwa ya polepole mno, kila p inampiga msikilizaji usoni kabla kompresa haijaamka. Kwa maongezi anzia milisekunde 10, sogea mbele, rudi nyuma, sikiliza.

Nitoe tahadhari moja kwa wanaotumia programu za kompyuta. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Mmarekani Bill Putnam alitoa kompresa iitwayo 1176, na hadi leo programu nyingi zimeiga sura yake. Kwenye hiyo, vitufe vya ataki na rilisi vimegeuzwa: ukizungusha kuelekea 7 ndipo inakuwa ya haraka zaidi. Ukiivaa kwa mazoea ya kompresa nyingine utafanya kinyume cha ulichokusudia. Ukiona mashine ya rangi ya fedha au nyeusi yenye namba 1 mpaka 7, kumbuka.

Sasa rilisi, na hapa twende nyumbani Butiama.

Kila ikikaribia tarehe 14 Oktoba, vituo vya redio vinatoa hotuba za Mwalimu Nyerere na kuzicheza upya. Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, na amelala pale pale Mwitongo. Sasa sikilizeni alivyokuwa anasema. Tafuteni ile hotuba ya Mei Mosi ya mwaka 1995 aliyoitoa Mbeya. Mwalimu alikuwa bingwa wa kunyamaza. Anasema sentensi, ananyamaza, umati unangoja. Anacheka kidogo. Anapaza neno moja, kisha linalofuata analisema chini chini, kama anamwambia mtu mmoja aliyekaa mbele yake. Na mara nyingi, kwa sikio langu, hilo la chini chini ndilo lenye mzigo.

Sasa mweke Mwalimu kwenye kompresa yenye rilisi ya haraka mno. Anasema, inamshika. Ananyamaza, inaachia mara moja, na kwa kuwa sauti yote imenyanyuliwa, kila kilichokuwa kimelala kinaamka: mvumo wa mkanda wa zamani, kikohozi cha mtu wa safu ya nne, upepo kwenye maiki. Kinapanda *fffff* kama maji yanayotaka kuchemka. Mwalimu anafungua mdomo, kinashuka. Ananyamaza, kinapanda. Mafundi wanasema kompresa inapumua, na ni kweli, ukisikiliza unasikia mashine inapumua mahali ambapo Mwalimu alikusudia ukimya. Kile kimya ni sehemu ya hotuba, jamani. Tumekijaza mvumo.

Mweke sasa kwenye rilisi ya polepole mno, tuseme sekunde 3. Anapaza neno, kompresa inashika. Anashuka kwenye lile neno la chini chini, lakini mkono bado umeshika, haujaachia, na lile neno linazama. Umelipoteza neno uliloiwekea kompresa hiyo ulisikie.

Mnaona ugumu? Haraka mno, mashine inapumua. Polepole mno, neno dogo linazama. Kwa msemaji wa mapumziko marefu kama Mwalimu naanzia karibu nusu sekunde, naipunguza kidogo kidogo mpaka neno dogo litoke, na mvumo ukianza kupanda nasimama. Kwa mtangazaji wa mpira anayekimbia na maneno, robo ya sekunde au chini yake inafaa.

Nataka mfano wa karibu zaidi, ambao kila mmoja wenu ameusikia. Umekwenda kwenye ngoma, tuseme Bunda, umerekodi kwa simu. Ukirudi nyumbani unasikiliza: *du!* mwimbaji anapotea. Anarudi. *Du!* anapotea tena. Ulikuwepo, unajua hakupotea. Nani amempoteza? Ni kompresa iliyofichwa ndani ya simu yako. Simu nyingi zinajipimia sauti zenyewe wakati wa kurekodi, na huna kitufe cha kuizuia. Ngoma inapiga, simu inashtuka, inashusha kila kitu, na mwimbaji anashuka pamoja na ngoma ingawa hakuwa na kosa. Kompresa haichagui nani amepaza. Inashika mkusanyiko wote.

Studio tuna dawa yake. Kompresa ina sikio, yaani njia ya pembeni inayosikilizia kabla haijaamua kubana. Kompresa nyingi zina kitufe cha kulichujia sikio hilo besi. Ukikibonyeza, ngoma inaendelea kusikika kwa ukamilifu wake, ila kompresa inakuwa kiziwi kwa ile *du* na inamsikiliza mwimbaji tu. Ukiwa na kitufe hicho kwenye mashine yako na hujawahi kukigusa, kiguse kesho.

Kimebaki kitufe cha mwisho, autiputi. Hiki ndicho kinachorudisha ulichopunguza. Umebana desibeli 6 juu, sasa unanyanyua sauti nzima kwa kama hizo 6, na mnong'ono unapanda nazo. Hapa ndipo ile kazi tuliyoianza mlangoni inakamilika. Bila hiki, umeziinamisha tu sauti kubwa na mvuvi bado hasikii.

Lakini hapa ndipo pia kwenye ajali nyingi za kanisani na ukumbini. Tusimame kidogo.

Ukumbi umejaa. Maiki ya mshereheshaji imeunganishwa na kompresa. Akisema, taa za kompresa zinawaka, desibeli 6 zinaondoka, autiputi inarudisha 6, mambo sawa. Sasa anapumzika, ameshika maiki mkononi, hasemi, anatembea kuelekea meza ya maharusi. Kompresa haina cha kubana, imeachia. Lakini zile 6 za autiputi hazijaondoka! Maiki iliyo kimya sasa ina nguvu zaidi kuliko ilipokuwa inasemewa. Anapita mbele ya spika. *Wiiiii!* Maiki imepiga mluzi, bibi harusi ameziba masikio, na fundi anamlaumu mshereheshaji kwa kupita pale. Nimekaa kwenye kiti cha fundi huyo. Nililaumu watu miaka mingi kabla sijaelewa kwamba mluzi ule nilikuwa nimeutengeneza mwenyewe kwa kitufe cha autiputi.

Kwa hiyo narudia kwa mafundi wa kumbi na makanisa: ulichokirejesha kwa autiputi kinabaki hata pale mtu anaponyamaza. Ukumbini bana kidogo, desibeli 3 au 4, na urudishe pungufu ya ulichobana. Mwombe msemaji aisogeze maiki mdomoni. Vidole vinne kati ya mdomo na maiki vinafanya kazi ambayo kompresa ya milioni haiwezi.

Mtaniuliza, "Sasa fundi, nianzie wapi? Vitufe vyote hivi!" Nitawapa njia yangu. Peleka kizingiti juu kabisa, isibane kitu. Resho weka 3, ataki na rilisi weka katikati, autiputi acha kwenye sifuri. Mwambie mtu aseme kama atakavyosema, siyo *halo halo moja mbili*, maana hakuna mtu anayehubiri kwa *halo halo*. Shusha kizingiti taratibu mpaka taa zionyeshe kati ya 3 na 6 pale anapopaza, na zizimike anapotulia. Kama husikii ataki na rilisi zinafanya nini, kuna hila: zidisha kwanza. Peleka resho 10, shusha kizingiti sana, sauti iharibike kabisa. Ndani ya uharibifu huo utasikia wazi mkono unavyoshika na unavyoachia. Rekebisha hapo, kisha rudisha resho na kizingiti mahali pake. Mwisho kabisa ndiyo autiputi.

Ukimaliza, bonyeza kitufe cha kuipita kompresa, usikie sauti bila yake, kisha irudishe. Ila sharti sauti hizo mbili ziwe na ukubwa sawa. Sikio la binadamu linaona kilicho kikubwa ndicho kizuri. Ukilinganisha kubwa na ndogo, kubwa itashinda kila siku hata kama imeharibika, na utajipongeza bure.

Kuna mashine moja ya miaka ya 1960, LA-2A, ambayo mhandisi wake, Jim Lawrence, alifanya jambo la ajabu kidogo. Ndani yake sauti inawasha taa, na mwanga wa taa ndio unaoibana sauti. Sauti ikipanda, taa inang'aa, mashine inabana. Sauti ikishuka, taa inafifia, mashine inaachia. Haina ataki wala rilisi ya kuzungusha. Ina vitufe viwili tu vikubwa, kimoja cha kubana na kimoja cha kurudisha. Wahandisi wa sauti duniani bado wanaitafuta kwa bei kubwa. Nawaambia hili vijana wa studio za Musoma mnaonung'unika kwamba mashine yenu ina vitufe vichache. Vitufe viwili vinatosha mwenye masikio.

Nitoe na neno kwa wanaotengeneza nyimbo na matangazo ya biashara. Mnabana mpaka mstari wa sauti kwenye kompyuta unakuwa kama tofali, mkitaka wimbo wenu uwe mkubwa kuliko wa jirani. Kumbukeni kituo cha redio kina kompresa yake mwisho wa njia. Tofali lenu likifika pale linabanwa tena, na linatoka likiwa dogo na lenye kuchosha. YouTube na Spotify nao wanaushusha wimbo uliopitiliza mpaka ulingane na wenzake. Mmeutoa uhai wa wimbo mkalipwa nini? Mimi siamini katika redio ya kupiga kelele. Dereva anayetoka Bunda kuja Musoma akichoka na kelele hiyo, anazima redio, na hapo hata tangazo lililolipiwa halisikiki.

Sasa yule bibi.

Nilikwenda Butiama kumrekodi bibi mmoja anayesimulia habari za ujana wake. Nilifika asubuhi, nikamkuta amekaa kwenye mkeka nje ya mlango anapeta mtama. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, hicho kidude ndicho kitakachonisikia?" Nikasema ndicho. Nilikuwa na kinasa sauti chenye kompresa ndani yake, na nikaiwasha, nikaibana sana kwa hofu asije akapaza ghafla. Akasimulia karibu saa nzima.

Tulipomaliza nikamvisha vidude vya masikioni asikilize. Akasikiliza dakika moja, akavitoa. Akaniuliza, "Mbona jogoo wa jirani amekuja kukaa katikati yetu?" Ni kweli. Kila alipovuta pumzi, jogoo alipanda, upepo ulipanda, ungo wa jirani ulipanda. Na mahali alipocheka, kile kicheko chake cha kupasua, kilitoka bapa, kama cha mtu aliyefunikwa mto. Kilichobanwa wakati wa kurekodi hakirudi, wasikilizaji. Hakuna kitufe cha kukirudisha. Saa nzima ya bibi yule nilikuwa nimeiumiza.

Nilimwomba radhi, nikamwomba ruhusa nirudi. Wiki iliyofuata nilirudi, nikazima kompresa ya kinasa, nikaacha nafasi kubwa juu ili acheke anavyotaka, nikasogeza maiki karibu naye badala ya kuongeza sauti. Akasimulia upya. Kubana nilibania huku studio, polepole, nikiwa na muda wa kukosea na kurudia: kizingiti pale anapocheka tu, 3 kwa 1, ataki milisekunde 15, rilisi nusu sekunde. Taa hazijapita 4 hata mara moja.

Ninyi mlioko ziwani, msiiongeze redio, iacheni hapo ilipo. Fundi, mweke bibi. Sikilizeni anapovuta pumzi kabla hajaanza.